KIKAPO CHA MAMA: Kaye, telefoni ao kompyuta?

Jambo wamama, jambo na wababa ambao munasoma kijarida hiki usiku wakati mama amekwisha kulala. Tunajua muko.

Juma lililopita nilizungumza juu ya posho ya siku na namna ya kuigawa. Kisha mkutano wetu, mama mmoja wa Bagira alinivuta pembeni akaniuliza: "Mwalimu, binti yangu ananiambia kuna programu za telefoni zinazoandika matumizi yote ya nyumba na kufanya hesabu zenyewe. Ni ipi iliyo nzuri? Mimi sina mega za kuchezea." Wengine wawili wakasimama ili kusikia jibu. Sikujibu pale pale, kwa sababu jibu ni refu, na kwa sababu sehemu moja ya jibu inagusa nyumba yangu mwenyewe. Leo ninalipa deni hilo.

Siku mtoto wangu aliporudishwa nyumbani

Mwezi wa tatu mwaka wa 2024, Jumanne, saa mbili ya asubuhi, nilisimama mbele ya darasa langu nikiwa na karatasi kutoka ofisini. Wengi wenu munajua ninafundisha hesabu. Siku ile sikuanza na hesabu. Nilipaswa kusoma majina ya wanafunzi ambao hawajamaliza kulipa minervali, na kila aliyesikia jina lake alichukua mfuko wake akatoka. Nilisoma majina kumi na manne. Hakuna mwalimu anayependa kazi hiyo, lakini tunaifanya.

Niliporudi nyumbani saa saba, nilimkuta mwanangu wa kwanza, mtoto wa mwaka wa saba, ameketi mlangoni na shati lake jeupe la masomo. Na yeye jina lake lilisomwa kwenye masomo yake. Ilibaki transhi ya pili, dola 40. Hakulia, hakulalamika. Aliniuliza tu: "Mama, na wewe leo ulisoma majina?"

Jioni baba watoto aliporudi kutoka kazini, tuligombana. Yeye alisema: "Feza ya masomo nilikupa mwezi wa kwanza." Mimi nikasema: "Ulinipa dola 25, kisha ukarudia kuchukua 10." Yeye hakukumbuka zile 10. Mimi sikukumbuka zile 15 zilizobaki zilienda wapi. Kila mmoja aliapa kwamba anasema kweli, na watoto walikuwa chumba cha pili wakisikia yote. Kitu kilichoniumiza ni hiki: feza ilipita mikononi mwetu. Hatukuwa watu ambao hawakupata kitu. Tulipata, ikapita, na hakuna aliyeweza kusema ilipitia wapi.

Kaka yangu alitukopesha, mtoto akarudi masomoni Alhamisi. Alikuwa amekwisha kukosa majaribio mawili.

Tulianza na kaye

Sikuanza na telefoni. Nilichukua kaye moja ya kurasa 32, nikapiga mistari, nikaifunga biki kwa uzi, nikaitundika karibu na mlango wa jikoni. Safu zilikuwa tano: tarehe, kitu, franka, dola, nani ametoa. Mwezi wote wa nne kila mtu mkubwa wa nyumba aliandika, hata mdogo wa baba watoto anayekaa kwetu. Mwisho wa mwezi nikaketi nikajumlisha. Tazameni mistari michache ya mwezi huo:

Unite na mega: franka 18,000.
Moto za kwenda na kurudi: 36,000.
Matanga na michango: 30,000.
Feza tulizokopesha watu na hazijarudi: 25,000.
Gharama za kutuma na kutoa feza kwa telefoni: 6,500.

Mistari hiyo mitano inafanya 115,500. Dola ilikuwa 2,800, basi ni dola 41 na kitu. Ni transhi nzima ya mtoto.

Musinielewe vibaya. Sisemi matanga ni kutupa feza. Jirani akifiwa, tutaenda, na tutaenda na bahasha. Siku ya kwetu nao watakuja. Wala sisemi mtu asipande moto wakati mvua inanyesha kwenye milima hii yetu. Ninasema tu kwamba kabla ya kaye, kama mungeniuliza moto inakula kiasi gani kwa mwezi, ningejibu: "Labda 15,000." Nilikuwa ninajidanganya zaidi ya nusu.

Mwezi wa tano kaye ilianza kutuchosha. Kurasa zilijaa, mtoto mdogo alichana moja, na kujumlisha kulinichukua jioni mbili. Hapo ndipo nilianza kutafuta programu.

Niliyojaribu, na niliyoacha

Kwanza ningependa mujue kwamba programu nyingi za kazi hii zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi zingine. Huko Marekani, programu inaunganishwa na benki ya mtu. Akilipa kwa kadi, matumizi yanajiandika. Yule wa huko kazi yake ni kutazama tu. Kwetu, mama ananunua sambaza Kadutu kwa noti mkononi, hakuna benki inayoona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa za programu hizo haitufikii. Kwetu kila kitu kitaandikwa kwa kidole, na programu nzuri ni ile ambayo kidole hakichoki haraka.

Ile inayosifiwa sana inaitwa YNAB. Ilianza mwaka wa 2004 kama jedwali la kompyuta la mwanafunzi mmoja wa Marekani, Jesse Mecham, aliyekuwa amefunga ndoa karibuni na alitaka kujua kama feza yao itatosha. Mawazo yake ni mazuri: kila feza inayoingia ipewe kazi kabla haijatumiwa. Lakini leo inaombwa zaidi ya dola 100 kwa mwaka. Kwangu mimi hizo ni transhi mbili na nusu. Nilichukua wazo, nikaacha programu.

Ya pili ni Goodbudget. Inafuata njia ya bahasha: unagawa feza ya mwezi ndani ya bahasha za chakula, nyumba, masomo, dawa, bahasha ikiisha, imeisha. Wamama wa MUSO, hamuhitaji mzungu awafundishe jambo hili. Si munayo kisanduku cha kijani kwa ajili ya akiba na mikopo, na chekundu kwa ajili ya ugonjwa na msiba? Na munajua ni kosa kubwa kuchukua cha chekundu ili kujaza cha kijani. Ni wazo lile lile. Programu hiyo inaweza kutumiwa na mume na mke, kila mmoja kwenye telefoni yake, na bahasha ni zile zile. Toleo la bure lina kikomo cha bahasha. Mimi ilinishinda juu ya jambo moja: nilitaka franka na dola pamoja, yenyewe ilitaka nichague feza moja. Nitarudia jambo hilo chini.

Ya tatu ni GnuCash. Iko tangu miaka ya 1990, ni ya bure kabisa, iko katika Kifaransa pia, na inafanya kazi kwenye kompyuta hata bila intaneti. Inaandika kila kitu mara mbili, kama wanavyofundishwa wale wa biashara na uhasibu: feza imetoka wapi, na imeingia wapi. Ni programu ya nguvu. Lakini niliifungua jumamosi moja kwenye kompyuta ya mwenzangu, na mimi mwalimu wa hesabu nilitoka jasho. Kama ulisoma uhasibu, ao unashika hesabu za ushirika wenye wanamemba wengi, itakufaa. Kwa nyumba yenye watu saba na jiko la makala, ni kisu kirefu cha kukatia kitunguu.

Ya ine ni Money Manager Ex. Nayo ni ya bure, haina matangazo, iko ya kompyuta na ya telefoni za Android. Unaweza kufungua konti nyingi, na kila konti ikawa na feza yake. Ukisha kuiweka ndani ya telefoni, haidai mega tena ili kuandika. Ndiyo niliyobaki nayo.

Kuna na njia ya tano ambayo watu wanaidharau: jedwali la kawaida la Excel ao la LibreOffice Calc. Calc ni ya bure. Ukijua kupiga mistari ya kaye, unajua kutengeneza jedwali, na kompyuta inajumlisha yenyewe. Kwa mwandishi wa likelemba mwenye kompyuta, ningesema aanzie hapo.

Feza mbili ndani ya nyumba moja

Hapa ndipo programu nyingi zinaanguka kwetu, na hapa ndipo ninaomba musome polepole.

Mshahara wangu unaingia kwa franka. Nyumba tunalipa kwa dola, 50 kila mwezi. Mboga ni kwa franka, minervali ni kwa dola. Mwanzo wa mwaka wa 2023 dola ilikuwa karibu 2,000. Mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 2,600. Nyumba ile ile, dola 50 zile zile, mwenye nyumba hakuongeza hata moja: lakini kutoka kwenye mshahara wangu nilikuwa ninatoa karibu 100,000, kisha nikawa ninatoa zaidi ya 130,000. Mtu anayeandika dola tu ataona kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu anayeandika franka tu atafikiri mwenye nyumba amemwonea. Lazima uone zote mbili.

Programu yangu ya kwanza ilinidanganya hivi. Nilibadili dola 20, nikapewa franka 56,000. Nikaandika dola 20 zimetoka, franka 56,000 zimeingia. Mwisho wa mwezi programu ikaniambia nimetumia dola 20 ambazo sikutumia, na nimepata mapato ya 56,000 ambayo sikupata. Tulionekana matajiri wenye matumizi mabaya! Kubadili feza si kutumia wala kupata. Ni kuhamisha kutoka mfuko wa kuume kwenda mfuko wa kushoto. Programu nzuri ina kitufe cha kuhamisha kati ya konti mbili. Kama haina, iache.

Ni vile vile kwa feza ya telefoni. Ukituma 30,000 kutoka mkononi kwenda M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, hujatumia kitu bado. Umehamisha tu. Lakini gharama ya kutuma na ya kutoa, hiyo ni matumizi, na inapaswa kuwa na mstari wake. Tuliona kwangu ilikuwa 6,500 kwa mwezi mmoja. Ujumbe mfupi unaokuja kila mara ukituma ao ukitoa, usiufute kabla ya kuandika. Ni risiti yako.

Kwa hiyo mimi nina konti ine ndani ya programu: franka za mkononi, dola za mkononi, feza ya telefoni, na MUSO. Si zaidi.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Musiniulize tu "ni ipi nzuri". Ulizeni programu maswali haya:

1. Je, inafanya kazi bila intaneti? Kama lazima ununue mega ili kuandika bei ya nyanya, utaacha kisha juma moja.

2. Je, inakubali franka na dola, kila moja kwenye konti yake?

3. Je, ninaweza kutoa maandishi yangu yote na kuyaweka pengine? Jambo hili ni kubwa kuliko mutakavyofikiri. Microsoft ilikuwa na programu yake ya hesabu za nyumba iliyoitwa Money. Mwaka wa 2009 ikaacha kuiuza. Nyingine ya bure iliyotumiwa na watu wengi sana Marekani, Mint, ilifungwa mwezi wa tatu mwaka wa 2024. Kama kampuni kubwa zinafunga, na hizi ndogo zitafunga. Tafuteni ile inayoweza kutoa faili la CSV, kwa sababu faili hilo linafunguka ndani ya Excel ao Calc yoyote. Mwisho wa kila mwezi mimi ninatoa faili na kumtumia baba watoto kwenye WhatsApp. Mwenzangu mmoja alinyang'anywa telefoni ndani ya taxi-bus, na miezi mitano ya maandishi yake ikaenda nayo. Telefoni nyingine alinunua. Maandishi hayanunuliwi.

4. Je, inaomba ruhusa gani? Programu ya matumizi haina sababu ya kusoma majina ya watu walio ndani ya telefoni yako. Nyingine zinaomba kusoma ujumbe wako mfupi, na munajua ndani ya ujumbe huo kuna salio la feza yako. Kataeni. Na kamwe, narudia kamwe, usiandike namba yako ya siri ya feza ya telefoni ndani ya programu yoyote ya matumizi. Haihitaji.

5. Je, nitaweza kuandika ununuzi mmoja kabla bugali haijapoa? Jaribu na kitu kimoja, kilo ya maharagi. Kama umegusa kioo mara kumi na mbili, si ya kwako.

Nani ataona?

Hili ni swali la sita, na hakuna programu itakayolijibu kwa ajili yako.

Kila mwezi nilikuwa ninamtumia mama yangu Walungu 28,000, ndiyo dola 10. Sikuwa nimemwambia baba watoto. Si kwamba angekataa. Ni kwamba sikutaka kuomba. Kwenye kaye nilikuwa ninaigawa-gawa: kidogo kwenye mafuta, kidogo kwenye mboga. Kwenye telefoni nilichoka, mwezi wa sita nikaiandika yote mara moja chini ya chakula. Jioni moja baba watoto alikuwa anatazama programu akauliza: "Mama, sambaza gani hii ya 28,000 kwa siku moja? Tulialika harusi?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia.

Hakukasirika juu ya mama yangu. Alikasirika kwamba siku ile ya mwezi wa tatu, wakati tunagombana juu ya zile dola 15, nilimwacha ajione mwizi. Alikuwa na haki. Kisha kimya cha muda, naye akaniambia kwamba zile dola 10 alizochukua alilipia deni la mbao ambalo alikuwa hajaniambia. Tulikuwa wawili, kila mmoja na shimo lake, na mtoto ndiye aliyeanguka ndani.

Leo ndani ya programu yetu kuna mstari unaoitwa "Kwetu na kwenu". Kila upande dola 5, wazi. Mama yangu anapata nusu ya aliyokuwa anapata. Hilo linaniuma bado, na sitawaambia kwamba liliisha vizuri. Nilienda mimi mwenyewe Walungu kumweleza.

Najua pia kwamba si kila nyumba ni kama yangu. Kuna mama ambaye akionyesha kila franka yake, kesho haitakuwako. Kwake siwezi kusema: onyesha yote. Ninamkumbusha tu kwamba Sheria ya Familia ya mwaka wa 1987 ilirekebishwa mwaka wa 2016, na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya kitendo cha kisheria. Weka namba ya siri kwenye programu, zungumza na washauri wetu wa chama, na amua kwa utulivu.

Makala ilitufundisha nini

Nilisema kaye ilionyesha mistari mitano. Ulikuwako na wa sita, ule wa makala. Tulikuwa tunanunua ndoo moja kila siku, franka 2,500. Kwa siku 30 ni 75,000. Gunia moja, ambalo linatutosha mwezi, lilikuwa 55,000. Tofauti ni 20,000 kila mwezi.

Mutaniambia: "Mwalimu, sisi wote tunajua gunia ni nafuu. Nani ana 55,000 kwa mara moja?" Kweli kabisa, na hakuna programu inayotoa 55,000. Zilitoka kwenye likelemba. Mwisho wa mwezi wa tano zamu yangu ilifika, wamama kumi, kila mmoja 10,000. Zamani zamu yangu ilikuwa inaenda kwenye vitenge na sahani. Mara hii nilinunua gunia. Kisha tukaendelea kuweka 2,500 kila siku ndani ya kopo, kama vile bado tunanunua ndoo. Mwisho wa mwezi kopo lina 75,000: 55,000 zinanunua gunia linalofuata, 20,000 zinaenda kwenye bahasha ya masomo. Na mega tulizipunguza kutoka 18,000 hadi 8,000, kwa sababu ilionekana wazi ni nani alikuwa anatazama video usiku. Sitamtaja. Ni mimi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. 20,000 na 10,000 ni 30,000 kwa mwezi. Kutoka mwezi wa sita hadi mwezi wa tisa ni miezi ine: 120,000. Kwa dola ya 2,800 ni karibu dola 43. Mwisho wa mwezi wa tisa nililipa transhi ya kwanza, dola 40. Nilibaki na franka 8,000, nikanunua samaki.

Transhi ya pili haijatimia. Leo hii bahasha ina dola 9. Lakini mara hii ninajua kwamba ni 9, baba watoto anajua, na hata mtoto anajua, kwa sababu jumapili yeye ndiye anayesoma jumla kwa sauti.

Basi nichague nini?

Mama wa Bagira, jibu langu ni hili.

Kama una telefoni ndogo ya vitufe, usikope ili kununua kubwa. Kaye ya kurasa 32 inatosha, na haimalizi batri wakati umeme umekatika.

Kama una telefoni ya kioo, anza na kaye mwezi mmoja, kisha weka Money Manager Ex, konti zisizopita ine, mistari ya matumizi isiyopita kumi. Mwambie binti yako akusaidie kuiweka siku mukiwa na mega, kisha uandike bila mega.

Kama unashika hesabu ya likelemba ao ya MUSO na una kompyuta, tumia jedwali la Calc, na uendelee kuandika kwenye kaye ya kikundi pia, kwa sababu wanamemba wengi wanaamini wanachoweza kushika mkononi. Wana haki.

Kama wewe ni mfanyabiashara na ulisoma uhasibu, jaribu GnuCash, na usichanganye feza ya duka na feza ya nyumba.

Kazi ya juma hili

Kama kawaida, mwalimu hatoki darasani bila kuacha kazi ya nyumbani. Juma hili msitafute programu yoyote. Andikeni siku saba tu, kila kitu, hata mandazi ya 200, hata ile mutakayoona haya kuiandika. Hasa hiyo. Kabla ya kujumlisha, kila mmoja wenu, mke na mume, aandike kwenye kipande cha karatasi ni kiasi gani anafikiri kimeenda kwenye moto, mega na makala. Kisha linganisheni. Yule aliyekosea zaidi atapika jumapili.

Mukinikuta kwenye mkutano, niambieni matokeo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukopesha jamaa: namna ya kusema ndiyo, namna ya kusema hapana, na namna ya kuandika.

Mubaki na amani nyumbani mwenu.